Dawa ya mshipani: Fahamu inavyotayarishwa kabla hujadungwa

HUENDA umewahi kulazwa hospitalini, au umeketi kando ya kitanda cha jamaa yako aliyelazwa. Muuguzi amekuja na sinia ndogo. Ndani yake mna kichupa chenye unga mweupe, kichupa kingine chenye maji, bomba la sindano ambalo bado limo katika karatasi yake, na pamba iliyoloweshwa spiriti. Amevuta yale maji, akayaingiza katika kichupa cha unga, akatikisa, akavuta tena, kisha akaisukuma dawa hiyo polepole kupitia kwa kile kimrija kilichobandikwa kwenye mkono wa mgonjwa. Shughuli nzima haikuchukua hata dakika kumi, na wewe wakati huo wote ulikuwa ukimenya chungwa.

Leo tunakuomba, msomaji, uliweke hilo chungwa kando kidogo. Katika dakika hizo chache kuna mambo mengi yanayoweza kumponya mgonjwa wako au kumdhuru, na baadhi yake unaweza kuyaona kwa macho yako hata kama hukusomea udaktari.

Kidonge unachokimeza hupitia vituo vingi vya ukaguzi. Hukaa tumboni, hupita katika utumbo, kisha ini hukipunguza nguvu kabla hakijaenea mwilini. Ukimeza kisichofaa unaweza kutapika, na ukifikishwa hospitalini mapema daktari huwa na muda wa kukusaidia. Dawa inayotiwa mshipani haina kituo hata kimoja. Damu huichukua moja kwa moja hadi moyoni, na kutoka hapo hadi kwenye ubongo na figo, katika muda usiozidi dakika moja au mbili. Ndiyo sababu madaktari huitumia mgonjwa anapokuwa mahututi, na ndiyo sababu kosa katika kuitayarisha huwa vigumu sana kulirudisha nyuma. Mambo ni hayo hayo kwa viini vya magonjwa. Ngozi ni ukuta unaovizuia, nayo sindano huutoboa ukuta huo.

Kisa kinachokumbukwa mno na wataalamu wa dawa kilitokea Uingereza mwaka wa 1972, katika hospitali moja ya mji wa Plymouth. Wagonjwa waliokuwa wamefanyiwa upasuaji waliwekewa maji ya glukosi yaliyotoka kiwandani, nao badala ya kupata nafuu wakazidiwa ghafla. Baadhi yao walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba mtambo wa kuchemshia chupa hizo haukufikisha joto la kutosha kwa chupa zilizopangwa sehemu ya chini, na viini vikaendelea kuzaana ndani ya maji ambayo kila mtu aliamini ni safi. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1976, kamati iliyoteuliwa nchini humo kuchunguza uchanganyaji wa dawa katika maji ya mshipani ilipendekeza kazi hiyo isimamiwe na wafamasia na ifanyiwe katika famasia, badala ya kuachiwa wauguzi wadini peke yao.

Ukiingia katika chumba cha kisasa cha kuchanganyia dawa hizo utadhani umeingia katika chumba cha upasuaji. Mfamasia huvua pete na saa, hunawa hadi viwikoni, huvaa koti safi, kofia, barakoa na glavu. Dawa huchanganywa ndani ya kabati maalumu ambalo hewa yake hupitia kichujio chenye uwezo wa kunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikroni 0.3. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hivyo hebu fikiria udogo huo. Mfamasia huhakikisha mkono wake haukatizi kati ya hewa hiyo safi na mdomo wa sindano. Haongei ovyo, kwa kuwa mate hurukia mbali kuliko tunavyodhani. Kwa dawa za saratani kabati huwa la aina nyingine, linalovuta hewa mbali na mtu anayechanganya, kwa sababu dawa hizo zinaweza kumdhuru yeye mwenyewe.

Vyumba vya aina hiyo hapa kwetu hupatikana katika baadhi ya hospitali kubwa, hasa zinazotibu saratani. Kwingineko dawa nyingi za mshipani huchanganywa na muuguzi wadini, juu ya kigari cha dawa, huku akiitwa na wagonjwa watatu kwa wakati mmoja. Si haki kumlaumu kwa kukosa kabati la mamilioni ya pesa. Lakini yapo mambo yasiyohitaji mamilioni, na hayo ndiyo unayopaswa kuyatazama.

La kwanza ni mikono, na nadhani halihitaji maelezo. La pili ni meza. Dawa isichanganywe kando ya sinki, kwa kuwa maji yanayorukaruka hapo hubeba viini. La tatu ni jambo ambalo hata baadhi ya wahudumu hulisahau. Kile kifuniko cha plastiki kinachong'olewa juu ya kichupa kipya huzuia vumbi tu. Mpira ulio chini yake hauwi safi kwa sababu tu kichupa ni kipya. Ni lazima upanguswe kwa spiriti na uachwe ukauke kabla ya kudungwa, kwani spiriti huua viini vizuri ikipewa nafasi ya kukauka yenyewe. Kuupuliza kwa mdomo ili ukauke haraka ni kurudisha uchafu ulioondolewa.

Halafu kuna tabia ya kuacha sindano ikiwa imechomekwa katika mpira wa kichupa ili kila mgonjwa avutiwe dawa kutoka hapo. Mlango huo wazi huingiza viini kutwa nzima. Kichupa kilichotengenezwa kwa mtu mmoja ni cha mtu mmoja, hata kikibaki na dawa nusu. Najua inauma kutupa dawa iliyonunuliwa kwa bei ghali, lakini vichupa vingi vya aina hiyo havina kemikali ya kuzuia viini visizaane.

<b>Kila dawa na maji yake</b>

Wengi hudhani kwamba maji ya kuyeyushia dawa ni maji tu. Sivyo. Tuchukue mfano wa dawa ya malaria kali. Kwa miaka mingi tulizoea dripu ya kwinini iliyochukua saa nne. Mwaka wa 2010 matokeo ya utafiti uliofanyiwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, yalionyesha kwamba sindano ya atesuneti huokoa maisha zaidi kuliko kwinini, na sasa ndiyo inayotangulizwa. Kichupa chake kilichozoeleka kina unga wa miligramu 60. Unga huo huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu bikaboneti inayokuja katika pakiti hiyo hiyo, ukatikiswa hadi uwe angavu, kisha huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi ikiwa unatiwa mshipani. Kichupa kidogo cha bikaboneti kikipotea, hakiwezi kubadilishwa kwa maji ya kawaida ya sindano. Na dawa ikishachanganywa inafaa itumiwe ndani ya saa moja. Ile iliyochanganywa asubuhi haitafaa jioni, hata ikiwa imehifadhiwa vizuri namna gani.

Dawa ya kifafa iitwayo fenitoini hufanya kinyume na tunavyotarajia. Ikichanganywa na maji ya glukosi hugandamana na kuwa chembe, kwa hivyo hutiwa katika maji ya chumvi pekee. Seftriaksoni, ambayo pengine ndiyo antibiotiki ya sindano inayojulikana zaidi mijini, haipatani na maji yenye kalsiamu, kama yale yaitwayo Ringer. Zikikutana hufanyiza chembe ngumu. Mwaka wa 2007 wakuu wa dawa nchini Marekani walitoa onyo baada ya kupokea habari za watoto wachanga waliofariki, chembe za aina hiyo zikapatikana katika mapafu na figo zao. Tangu hapo kanuni ni kwamba mtoto wa siku 28 au chini, anayehitaji kutiwa maji yenye kalsiamu mshipani, asipewe seftriaksoni.

Hapa pana jambo ambalo macho yako yanaweza kusaidia. Dawa nyingi za mshipani zinafaa kuwa angavu baada ya kuchanganywa. Ukiona maji katika bomba au katika mrija wa dripu yamegeuka kuwa na ukungu, au yana chembe zinazoelea, mwite muuguzi papo hapo. Zipo chache ambazo ni nyeupe kama maziwa kwa asili yake, kwa mfano moja inayotumiwa kuwalaza wagonjwa usingizi kabla ya upasuaji, na muuguzi atakueleza. Afadhali kuuliza swali la kijinga mara kumi.

<b>Vichupa pacha</b>

Katika kabati la dawa mna kichupa kidogo cha maji angavu kinachowatia wafamasia hofu kuliko vingine vyote. Ni potasiamu kloraidi. Mwili hauwezi kuishi bila potasiamu, na mgonjwa aliyeharisha au kutapika sana huenda akahitaji kuongezewa. Lakini ikisukumwa mshipani kama ilivyo, bila kuchanganywa na maji mengi, moyo husimama. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani dawa hiyo imetumiwa kuwaulia waliohukumiwa kifo. Na kwa umbo inaweza kufanana kabisa na kichupa cha maji ya sindano au cha maji ya chumvi ambacho muuguzi hukitumia mara ishirini kwa siku.

Kichupa cha mililita 10 chenye nguvu ya asilimia 15 kina milimoli 20 za potasiamu. Kwa kawaida hizo hutiwa katika mfuko wa maji wa angalau nusu lita na kupitishwa kwa muda usiopungua saa mbili. Tena mfuko ni lazima upinduliwe mara kadhaa baada ya kuongezwa dawa, kwa kuwa potasiamu ni nzito kuliko maji na huzama chini, pale pale mrija ulipochomekwa. Mfuko usiopinduliwa humpa mgonjwa dozi kali mwanzoni kisha maji matupu. Mwaka wa 1998, shirika linalokagua hospitali za Marekani lilipotoa ilani yake ya kwanza kabisa kuhusu makosa hospitalini, lilichagua potasiamu, likashauri vichupa hivyo viondolewe wadini na kuwekwa katika famasia. Ni ushauri usiogharimu chochote isipokuwa safari ya kwenda na kurudi. Hospitali yoyote inayoviweka vichupa hivyo rafu moja na maji ya sindano inajitafutia balaa.

Pacha wengine hutofautiana kwa nambari tu. Gentamisini, dawa ambayo watoto wachanga wenye maambukizi ya damu hupewa mara kwa mara, huja katika vichupa vya mililita 2, vingine vikiwa na miligramu 20 na vingine 80. Tuseme daktari ameandikia mtoto miligramu 15. Kutoka kwa kichupa cha 20, muuguzi atavuta mililita 1.5. Kutoka kwa kile cha 80 atahitaji mililita 0.375, kiasi ambacho hata kukipima kwa bomba la kawaida ni taabu. Sasa akichukua cha 80 akidhani ni cha 20, akavuta mililita 1.5 kama alivyozoea, mtoto atapata miligramu 60, yaani mara nne ya dozi yake. Gentamisini ikizidi huweza kuharibu figo na masikio, na usikivu uliopotea kwa njia hiyo haurudi.

Dawa ya kosa hili ni mtu wa pili. Katika famasia nzuri, mfamasia mmoja hupiga hesabu na mwingine huipiga upya bila kuonyeshwa jibu la kwanza. Akionyeshwa jibu, atatikisa kichwa tu kukubali, kama tunavyofanya sote. Wadini wauguzi wawili wanaweza kufanya hivyo hivyo kwa dawa za watoto na zile za hatari. Ukiwaona wawili wakibishana juu ya kichupa karibu na kitanda cha mwanao, usidhani hawajui kazi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kisha kuna karatasi inayobandikwa. Mfuko wa dripu uliotiwa dawa usipokuwa na karatasi unafanana na mwingine wowote. Juu yake panafaa kuwa na jina la mgonjwa, dawa iliyoongezwa na kiasi chake, saa iliyochanganywa, na jina la aliyeichanganya. Hata bomba la sindano lililokwisha kujazwa likiwekwa mezani linahitaji alama, na la salama zaidi ni kulitumia mara moja bila kuliweka popote.

<b>Usiguse kile kigurudumu</b>

Nakiri hapa kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa nikimuuguza mama, ambaye alikuwa na ugonjwa wa moyo, aliwekewa dripu iliyopangiwa saa nane. Muda wa kuwatazama wagonjwa ulikuwa unakaribia kwisha, na nilitaka maji yaishe nikiwapo ili nijue amepata yote. Nikakizungusha kile kigurudumu cha plastiki kilicho kwenye mrija. Matone yakawa mfululizo, nami nikaona nimefanya la maana. Muuguzi aliporudi alimkuta mama ameketi kitako, akihema kama aliyepanda mlima. Akafunga mrija, akainua kichwa cha kitanda, akamwita daktari, na mama akapewa dawa ya kupunguza maji mwilini. Alipata nafuu kufikia usiku. Muuguzi yule hakunikemea. Aliniuliza tu kama ningemlisha mama vidonge vyake vyote vya wiki kwa siku moja.

Mrija wa kawaida wa watu wazima hutoa matone 20 kwa kila mililita. Nusu lita ikipangiwa saa nne, ni matone 42 hivi kwa dakika. Unaweza kuyahesabu kwa saa yako ya mkononi, na ukiyaona yamekwenda kasi au yamesimama, mwite muuguzi. Kuhesabu ni ruhusa, kuzungusha si ruhusa. Antibiotiki iitwayo vankomaisini hutakiwa ipite kwa muda usiopungua saa moja. Ikiharakishwa, mgonjwa huweza kuwa mwekundu usoni na shingoni, akawashwa, na shinikizo la damu likashuka.

Wapo pia wakazi wa mijini ambao huenda kwenye zahanati wakiomba dripu ya kuongezewa nguvu, baada ya wiki ya kazi nyingi au usiku wa pombe. Maji hayo nayo ni dawa. Mwaka wa 2011 kulitolewa matokeo ya utafiti wa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliofika hospitalini wakiwa na homa kali na dalili za mzunguko wa damu kulegea. Baada ya saa 48, kati ya kila watoto 100 waliomiminiwa maji kwa haraka, walifariki zaidi ya 10. Kati ya 100 ambao hawakumiminiwa hivyo, walifariki 7 hivi. Watoto waliokuwa wakiharisha hadi kukaukiwa hawakuhusishwa, kwa kuwa hao maji huwaokoa. Kama unaweza kunywa uji, kunywa uji.

<b>Umetumwa kununua dawa</b>

Mara nyingi famasia ya hospitali huwa imeishiwa, na jamaa wa mgonjwa hupewa kikaratasi akanunue dawa nje. Hapo wewe unakuwa sehemu ya utayarishaji. Hakikisha duka unaloingia limesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, kisha linganisha jina na miligramu zilizo kwenye kikaratasi na zile za kichupa, herufi kwa herufi. Tazama tarehe ya mwisho ya matumizi. Kisimamishe kichupa kwenye mwanga. Kikiwa na ufa, au unga umeshikana kama sukari iliyolowa, kirudishe.

Mwambie muuzaji kama dawa ni ya mshipani au ya msuli. Seftriaksoni, kwa mfano, huuzwa pia katika pakiti ya kudungwa msulini, ambayo ndani yake mna kichupa cha lidokeini, dawa ya ganzi inayopunguza uchungu wa sindano. Seftriaksoni iliyoyeyushwa kwa lidokeini haifai kutiwa mshipani hata kidogo, kwa kuwa ganzi hiyo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ukifika wadini mpe muuguzi pakiti nzima ikiwa na karatasi yake ya maelezo. Usimkabidhi vichupa vilivyotolewa kwenye pakiti na kutiwa mfukoni.

Uliza pia kama dawa inahitaji baridi. Oksitosini, inayotumiwa kuzuia kuvuja damu baada ya kujifungua, huhifadhiwa katika nyuzi 2 hadi 8, na hupungua nguvu ikikaa katika joto. Ikikaa katika joto kwa muda mrefu, kichupa huwa na sura ile ile ilhali dawa imedhoofika. Beba chombo chenye vipande vya barafu, na uzungushie kichupa kitambaa ili kisigusane na barafu yenyewe, kwa kuwa kuganda nako huharibu dawa.

Muuguzi anapokuja na sinia, mtajie jina kamili la mgonjwa kabla hajauliza, na umwambie dawa zinazomdhuru. Muulize hii ni dawa gani na ni ya nini. Mwenye kuijua kazi yake hatakasirika. Mgonjwa akisema anahisi kuungua, mkono umevimba au umekuwa baridi pale kimrija kilipo, dawa isimamishwe kwanza, kwa kuwa huenda inamwagika nje ya mshipa. Akianza kuwashwa mwili, kuvimba midomo au kuhema baada tu ya sindano, piga kelele uitiwe msaada. Baadaye, ukiwa umetulia, unaweza kuripoti tukio hilo kwa Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo hupokea habari za madhara ya dawa hata kutoka kwa wagonjwa na jamaa zao. Andika jina la dawa na nambari iliyochapishwa kwenye kichupa, kwa hivyo mwombe muuguzi asikitupe mapema.